Daraja ni amana, tusingoje maji yatukumbushe



Mvua ni rehema, na hakuna anayelijua hilo kuliko mkulima wa mahindi wa Handeni, ambaye hutazama mbingu miezi mizima akiiomba. Lakini rehema ikimkuta mja hakujitayarisha huweza kumgeukia mtihani, na watu wa Handeni na Korogwe wamekwisha kuuonja mtihani huo.

Mwezi wa Oktoba 2019 mvua kubwa ziliupiga Mkoa wa Tanga. Watu walipoteza maisha, barabara na madaraja yakaharibika, na mawasiliano ya barabara kati ya Handeni na Korogwe yakakatika. Barabara hiyo ya lami ina urefu wa kilometa 65. Inapofungwa, mtu wa Handeni mwenye haja Korogwe hulazimika kwanza kwenda Mkata, kilometa 54, ndipo aishike barabara kuu ya Segera na kuanza kupanda tena kuelekea Korogwe. Kwa mwenye gari lake hiyo ni hasara ya mafuta. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali, au mama aliyeshikwa na uchungu usiku, huenda ikawa ni uhai wenyewe.

Baada ya kila msiba wa namna hii husikika kauli moja: hii ni kudra. Sisi hatubishani na kudra, kwani kuiamini ni sehemu ya imani yetu. Tunachokikataa ni kudra kufanywa pazia la kufunikia uzembe. Mvua huteremshwa na Mola, lakini karavati lililozibwa na magogo tangu masika iliyopita halikuzibwa na mvua.

Aidha, tuelewe kwamba maji yanayotutisha ni ya aina mbili. Yako maji ya Mto Pangani, ambao huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukajikusanya katika ziwa la Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960. Ziwa hilo huzuia maji kwa kiasi chake tu. Likishajaa, yanayozidi hayana budi kuteremka. Njiani huongezeka Mto Mkomazi, na Korogwe hupokea pia maji ya Lwengera yatokayo Usambara. Mafuriko ya mto mkuu, basi, hutoka mbali na huwa na dalili zake. Anayekaa chini ya mto aweza kuonywa mapema, ikiwa wenye kujua watasema na wenye kusikia watajali.

Maji ya makorongo ya Handeni ni mengine kabisa. Korongo lililokuwa kavu asubuhi, ambalo watoto wamelivuka kwa miguu wakienda shule, laweza kufurika jioni kwa mvua iliyonyesha vilimani. Hapa hakuna siku za kuonya. Kinga yake ni kazi iliyofanywa wakati wa kiangazi: kuzibua makaravati, kusafisha mitaro na kuimarisha kingo.

Wengi hudhani daraja huvunjwa na maji yapitayo juu yake. Mara nyingi uharibifu huanza chini, pasipoonekana. Maji yaendayo kasi huchimba udongo unaozunguka misingi ya nguzo. Magogo hunasa na kuubana mkondo, nao mkondo ukibanwa huchimba zaidi. Na tuta la udongo linaloungana na daraja huanza kumeguka. Daraja laweza kuonekana limesimama imara, ilhali chini yake hamna kitu. Wala hili si la Tanga peke yake. Machi 2020, eneo la Kiyegeya, wilayani Gairo, barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ilikatika kwa mvua, na magari mengi yakakwama pande zote mbili.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar ibn al-Khattab (r.a.), akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa kuwa hakumsawazishia njia. Ikiwa hiyo ndiyo hofu ya kiongozi kwa mnyama aliye mbali, vipi kwa basi lililojaa wanadamu?

Kwa hiyo tunasema wazi. TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, na TARURA kwa barabara za wilaya, wamekabidhiwa amana. Matengenezo hutokana na Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta, na kila alipaye nauli amechangia humo. Ana haki ya kuuliza: daraja letu lilikaguliwa lini, kabla ya vuli au baada ya maafa? Tunaomba ukaguzi huo ufike hadi kwenye misingi, na matokeo yake yasomwe katika mikutano ya vijiji. Tunaomba viwekwe vigingi vyenye alama za kina cha maji. Tunaiomba pia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ihakikishe kuwa habari za kujaa kwa ziwa zinawafikia walio kando ya mto, na misikiti yetu isaidie kuzitangaza.

Nasi tuna wajibu wetu. Tusichimbe mchanga karibu na nguzo za daraja. Tusilime hadi ukingoni mwa mto. Dereva asijaribu maji yanayopita juu ya barabara, kwani maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 30 tu yaweza kuelea na gari dogo, na ya sentimeta 60 huchukua magari mengi makubwa zaidi. Abiria naye asione haya kusema, "Dereva, simama, sisi tunateremka." Wazazi tusiwaache watoto wavuke korongo peke yao mawingu yakiwa yametanda vilimani. Kuchelewa kufika kuna udhuru. Kuiangamiza nafsi kwa haraka hakuna udhuru.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua za kheri, awarehemu waliotangulia, na awape wenye amana moyo wa kuitimiza kabla hawajaulizwa. Amin.