SINGIDA TUNA TIMU AU TUMEAZIMWA?

Leo tuongelee soka la hapa kwetu Singida, ila sio matokeo. Nauliza hivi: hizi timu zinazobeba jina letu ni za nani hasa?

Twende taratibu. Mwaka 2017 Singida United ilirudi ligi kuu, mlezi wake akiwa Mwigulu Nchemba. Mji mzima ulihamia Namfua, uwanja ambao siku hizi unaitwa Liti. 2018 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakapigwa 3-2 na Mtibwa Sugar. 2020 wakashuka daraja, basi, ndo ikaishia hapo.

2022 ikapanda DTB, ikaitwa Singida Big Stars. Walima alizeti tukapata timu tena, na msimu wa kwanza tu ikashika nafasi ya nne! 2023 ikaungana na Fountain Gate, jina likawa Singida Fountain Gate. Kufika msimu wa 2024/25 neno Singida likaondolewa, nyumbani kwao kukawa Babati.

Hatukulia sana, maana Ihefu ilikuwa imeshaletwa kutoka Mbarali, Mbeya. Ndo hii Singida Black Stars. Septemba 2025 ikabeba Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Lakini jamani, Mbarali je? Ihefu ile ile ndiyo iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kuvunja rekodi yao ya mechi 49 bila kufungwa ligi kuu. Dogo wa Ubaruku aliyeshangilia siku ile, leo anashangilia nani? Tulichofanyiwa na Babati ndicho tulichowafanyia Mbarali. Sema tu zamu hii sisi ndo tulipokea.

Matajiri siwalaumu. Mishahara, kambi, safari ndefu za basi, hivyo vyote haviwezi kulipwa na viingilio vya Liti. Bila mwenye hela hatuna ligi kuu. Tatizo langu ni moja: nafasi ya ligi ni mali ya mwenye timu, na akiamua kuihamisha hakuna shabiki anayeulizwa.

Angalia Simba. Mo Dewji, mzaliwa wa hapa hapa Singida na mbunge wetu kuanzia 2005 mpaka 2015, alishinda zabuni ya kuwekeza pale Desemba 2017. Asilimia 49 kwa bilioni 20, wanachama wabaki na 51. Najua ugomvi haukuisha, ila mwenye 49 hawezi kuamka asubuhi peke yake akasema Simba sasa ni ya Morogoro. Sisi hatuna 51, hatuna hata 1.

Ushauri wangu sio kumfukuza tajiri. Atuuzie kadi za uanachama na hisa kidogo, na iandikwe kwenye katiba ya klabu kuwa jina na uwanja wa nyumbani havibadiliki mpaka wanachama wapige kura. Kama anatupenda kweli, hilo halimpunguzii kitu.

Nyumbani nina jezi tatu za Singida. Mbili nikizivaa, madogo wananiuliza hiyo timu gani. Wazee walisema cha kuazima hakisitiri maungo.

Mnasemaje wadau? Leteni hoja, matusi hapana.

Nawasilisha.