Lebo za CE na FCC: Ahadi ya nani kwa mnunuzi?

MNUNUZI anayegeuza chaja au kompyuta katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, hukuta nyuma yake herufi CE au FCC. Wengi huzichukulia kuwa ni muhuri wa ubora, ilhali maana yake ni finyu zaidi.

Kila kifaa cha elektroniki hutoa mawimbi, hata kisichokusudiwa kurusha chochote. Yakizidi kiasi, huvuruga redio, televisheni na mawasiliano ya jirani. Ndiyo maana mwaka 1979 Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) iliweka viwango vya kompyuta na kuzigawa makundi mawili: A la maofisini na B la majumbani, lenye masharti makali zaidi. Kompyuta ya TRS-80 Model I iliondolewa sokoni nchini humo mwaka 1981 kwa kushindwa kutimiza viwango hivyo.

Hata hivyo, si kila lebo hutokana na ukaguzi wa serikali. Barani Ulaya, kwa vifaa vingi, mtengenezaji mwenyewe hutangaza kuwa ametimiza masharti, kisha akabandika CE. Marekani nayo, tangu mwaka 2017, nembo ya FCC ni ya hiari kwa vifaa vinavyopitia tamko la msambazaji.

Utaratibu huo una nguvu huko kwa sababu aliyetoa tamko anajulikana: anaweza kudaiwa nyaraka, na bidhaa yake kuondolewa madukani. Shehena ikishushwa Mombasa au Dar es Salaam, tamko hilo hubaki wino tu iwapo hakuna anayelihoji.

Tanzania, kupitia TCRA, na Kenya, kupitia Mamlaka yake ya Mawasiliano, huidhinisha aina za vifaa kabla havijauzwa. Lakini idhini hiyo inalenga vifaa vya mawasiliano, wakati chaja duni nayo huweza kuvuruga mawimbi.

Kwa simu na vifaa vingine vinavyorusha mawimbi, namba ya utambulisho ya FCC inaweza kuhakikiwa bure katika kumbukumbu za tume hiyo. CE haina daftari kuu la namna hiyo.

Kuchapa herufi mbili ni kazi rahisi. Kupima mawimbi kunahitaji maabara na wataalamu. Mataifa yanayoagiza bidhaa yasipoigharimia kazi hiyo, hasara itaendelea kubebwa na mnunuzi.