Nauli ina tiketi, mzigo je?

Kila baada ya wiki mbili nashuka Dar kufuata mzigo Kariakoo, halafu narudi Dodoma kuuza raba hosteli. Washikaji wanasema nakula bata. Bata gani? Kwa barabara ni kilomita kama 450, na foleni ya kutoka Kariakoo hadi stendi ya Mbezi peke yake inakula saa nzima. (Wasio na mafurushi siku hizi wanapanda SGR, wanatuacha.) Hayo nimeyazoea.

Kinachonikera kipo kwenye buti la basi. Nauli ina bei na tiketi. Mzigo hauna. Kondakta anaangalia furushi, ananiangalia usoni, anataja bei. Mwezi uliopita jozi 20 nililipia 5,000. Juzi, jozi 20 zilezile, nikaambiwa 15,000.

"Kaka, mimi mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani ana biashara?"

Basi linawaka, nikalipa. Bumu lilishaisha, na hiyo 10,000 iliyozidi ndiyo ilikuwa hela yangu ya kula hadi Jumatano.

Siombi punguzo. Nataka mzani pale stendi, bei ibandikwe ukutani, na nipewe risiti.