Moyo wa Mwanamke Nao Upimwe

Ndugu wafanya kazi,

Sisi wanaume wa reli hapa Mariakani, mwenzetu akishika kifua na kutoka jasho, mara moja twasema, "Ni moyo huo, apelekwe hospitali!" Jambo hilo ni jema. Lakini je, wake zetu, na dada tunaofanya kazi nao?

Mwaka jana shangazi yangu wa Malindi alichoka bila sababu, akapumua kwa shida, akatapika, mgongo na taya vikamwuma. Majirani wakasema ni pepo. Zahanati moja ikampa dawa ya tumbo. Siku ya tatu ndipo moyo ulipopimwa, ikaonekana mshipa umeziba. Mumewe alikuwa akikatwa bima kila mwezi, wala hakuandikisha jina la mkewe. Shangazi yu hai, lakini ndoo ya maji haiwezi tena.

Ndugu, kosa hili si la Malindi peke yake. Maumivu ya kifua huwapata wote, mume kwa mke, lakini wanawake huzidi kuwa na dalili hizo nyingine, na kwa hiyo huchelewa kutibiwa. Hata wataalamu wakubwa waliwasahau. Utafiti wa aspirini uliotangazwa Marekani mwaka 1989 ulikuwa wa madaktari 22,071, wote wanaume. Ule wa wanawake 39,876 ulitoka mwaka 2005, na majibu hayakuwa sawa.

Tena wanawake wana hatari zao. Aliyepata kifafa cha mimba au presha kali ya uja uzito, hatari yake ya moyo baadaye ni kama maradufu. Sukari na sigara humdhuru moyo kuliko mwanamume. Na hedhi ikikoma, hatari hupanda.

Wengine watasema wake zetu si wanachama. Nakataa. Tangu Oktoba 2024 twakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa bima ya SHA, na makato hayo ni ya nyumba nzima.

Basi naomba mambo mawili. Kila mwanachama amwandikishe mkewe mwezi huu. Na Chama kikidai tupimwe presha kazini, kidai pia siku ya wake zetu, na waulizwe habari za uzazi wao.

Pesa zimekwisha katwa. Mbona tumlipie mtu, kisha tumwache mlangoni?

Wenu katika Chama,
Mfanya kazi wa Reli