Mvua nje, shule ndani

Aprili iliyopita nilifunga safari hadi Kemambo, wilayani Tarime, kumtembelea shoga yangu tuliyesoma naye chuo. Ni upande wa Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Nilifika na mvua, nikakaa na mvua, nikaondoka na mvua. Masika ya kule hayana utani: ukitoka tu mlangoni, viatu vinabaki kwenye matope.

Shoga yangu ana watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 5. Mumewe anaingia zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi ndiyo anarudi kulala. Sasa vuta picha: nyumba ndogo, mvua inapiga bati, baba kalala, watoto wana nguvu kama hawajawahi kuchoka. Mama afanyeje? Anawasha katuni. Sauti ikipanda, baba anaamka kanuna. Akizima, vilio. Ikifika saa 6 mchana, mtu na mkewe hawasemeshani.

"Shoga, hii mvua itanivunjia ndoa," aliniambia huku akicheka kicheko cha kujilazimisha.

Tusimcheke, maana wengi wetu tuko hivyo hivyo. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na wa chini ya hapo asiwekewe kabisa. Si kwamba katuni ni dhambi. Ila katuni haimjibu mtoto akiuliza "kwa nini?", na umri huo ndio wa "kwa nini?" Hata mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8, uliozinduliwa Desemba 2021, unataja ujifunzaji wa awali sambamba na lishe na afya. Maana yake mwalimu wa kwanza ni wewe, kabla hata ya darasa la awali.

Basi, kwa siku zile chache tukajaribu haya. Hatukununua kitu.

Kopo la mvua. Chukua kopo lililonyooka, weka uwanjani mbali na michirizi ya bati. Asubuhi ingiza rula, msome pamoja. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji kwenye kila mita 1 ya mraba. Mtoto wa miaka 5 anajifunza namba, na wewe unaanza kuelewa watu wa hali ya hewa wanaposema milimita 50.

Maharage ya dirishani. Weka punje mbili kwenye pamba yenye maji, mbili kwenye pamba kavu. Muulize: zipi zitaota? Mwache abishane na mdogo wake. Baada ya siku chache mzizi unachungulia, naye anapata jibu kwa macho yake.

Beseni la maajabu. Kijiko, kifuniko cha chupa, kijiti: kipi kitazama? Kisha leta chungwa. Likiwa na ganda huelea. Limenye hadi ule weupe wote utoke, uone linavyozama. Siri yake ni hewa iliyojaa kwenye ganda.

Vitendawili vya kunong'ona. Huu ndio uliookoa usingizi wa baba. "Kitendawili" kwa kunong'ona, "tega" kwa kunong'ona, na anayepaza sauti anakosa zamu yake. Kama bibi yupo, ategee kwa Kikuria. Lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kujua Kiswahili.

Mdogo naye asiachwe. Mpe soksi za nyumba nzima azipange mbili mbili. Ni hesabu hiyo, na kazi yako imepungua.

Lakini tahadhari, wapenzi. Maharage, karanga na mahindi yasiachwe kwa mtoto mdogo: yanaingia puani, yanaweza kumpalia. Usimwache mtoto peke yake na beseni hata kama maji ni kidogo. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani madirisha yakafungwa kwa sababu ya baridi. Ile hewa ya mkaa haina harufu, na inaua.

Sasa nikwambie kilichonigusa. Siku ya tatu baba aliporudi kazini alikuta watoto wawili mlangoni na rula. "Baba, tusome mvua kwanza!" Alikuwa hoi, nilimwona. Akachuchumaa na buti zake, wakasoma: milimita 18. Mkubwa akachora mstari kwenye karatasi ukutani. Dakika kumi tu, kisha akaenda kulala, na wale watoto, amini usiamini, wakamwacha alale. Kumbe muda wote walikuwa wanamsumbua kwa sababu walikuwa wanamtaka.

"Shemeji, wamenifanya mkaguzi wa mvua," aliniambia jioni akivaa koti. Mkewe akamfungia chakula chake, wakacheka wote wawili. Safari hii kilikuwa kicheko cha kweli.

Kwa hiyo wewe baba uliyezoea kusema "mambo ya watoto muulize mama yao", chagua jambo moja liwe lako. Kopo, kitendawili, chochote. Dakika zako kumi mtoto anazihesabu kuliko unavyodhani, na mama yao naye anaziona.

Masika yana mwisho wake. Utoto nao una mwisho wake. Tukutane mwezi ujao!