KUJITEGEMEA KUANZE KWA KIKAPU

Ndugu wanachama, ingieni katika mkutano wa tawi huku kwetu Pwani, mtazame kwa macho yenu wenyewe. Msemaji anasimama kuhimiza kujitegemea. Sauti yake nzuri, na maneno yake ni ya kweli. Lakini meza iliyo mbele yake imepambwa maua ya plastiki yaliyotoka ng'ambo. Maputo yanayoning'inia juu ya kichwa chake yametoka ng'ambo. Chai inakorogwa kwa kijiko cha plastiki kitakachotupwa jioni ile ile. Na nje, hatua chache tu kutoka mlangoni, imesimama minazi yenye makuti na vifuu ambavyo hakuna aliyevitazama mara mbili.

Mimi nasema jambo hili ni fedheha. Chama hakiwezi kuhubiri kwa kinywa jambo ambalo mikono yake inalikana. Kwa hiyo haja yangu leo ni moja tu: kila tawi lianze kutumia vitu vilivyotengenezwa majumbani na wanachama wake, na livilipie kwa bei ya haki. Nasema tena, livilipie. Asiyelishika neno hilo la mwisho bado hajanielewa.

KASUMBA NA SABABU YAKE

Wako watakaocheka. Watasema, "Huyu ametoka chuo cha ualimu, sasa anatuhubiria kusuka vikapu!" Kicheko hicho kina asili yake, na yafaa tuijue kabla ya kumlaumu mtu.

Wazee wetu wengi walikuwa na haki ya kuichukia kazi ya mikono waliyofundishwa shuleni zama za ukoloni. Mkoloni alimpa mtoto wa Kiafrika jembe na kamba za kusuka, na huku watoto wake mwenyewe akiwapa vitabu vya hesabu na sheria. Kazi ile ilikuwa njia ya kumwambia Mwafrika, "Hapa ndipo mwisho wako." Mzee aliyekataa mwanawe asikae darasani akisuka mkeka alikuwa akidai haki ya mwanawe, wala hakuwa mvivu.

Lakini je, mkoloni yuko wapi leo? Tanganyika ilijitawala tangu tarehe 9 Desemba 1961. Hakuna tena bwana mkubwa wa kutuamuru tusuke, wala wa kutukataza tusome. Kazi iliyokuwa aibu kwa sababu ya amri, ikifanywa kwa hiari na mtu huru inakuwa kazi kama kazi nyingine. Mwalimu Nyerere alilisema wazo hili mwaka 1967, katika Azimio la Arusha na katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea: kitabu na jembe viende pamoja, na msomi asijione ametoka katika nchi nyingine. Azimio liliyataja mambo manne ambayo maendeleo yanayahitaji, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Minazi yetu, mikindu yetu na vidole vyetu vimo katika mambo mawili ya kwanza. Mawili ya mwisho ndiyo deni letu sisi tulio katika Chama.

Na sisi walimu tunajua. Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyotuzunguka: vizibo vya chupa vya kuhesabia, chati zilizoandikwa juu ya magunia, saa za maboksi. Mtoto alijifunza kujumlisha kwa kizibo sawa na kwa chombo cha fedha nyingi. Kama hekima hiyo inafaa darasani, kwa nini ikome mlangoni pa shule?

INDIA ILITUACHIA MFANO

Ndugu zangu, sisi si wa kwanza kufunga siasa na kazi ya mikono. Gandhi alipowaongoza Wahindi dhidi ya Mwingereza, aliwahimiza kusokota uzi nyumbani na kuvaa nguo iliyofumwa kwa mkono, maana pamba ya India ilikuwa ikipelekwa Uingereza na kurudi ikiwa nguo ya kuuzwa kwa Wahindi wale wale. Gurudumu la kusokotea likawekwa hata katika bendera ya wapigania uhuru.

Mwaka 1924, katika mkutano wao wa Belgaum, chama cha Congress kilikwenda mbali zaidi. Kilikata shauri kwamba ada ya uanachama isiwe tena fedha, bali yadi 2,000 za uzi kila mwezi. Hebu fikirini! Mwanachama analipa kadi yake kwa kazi ya vidole vyake.

Walakini na tuisome habari hiyo mpaka mwisho. Sharti lile halikudumu. Mwaka uliofuata lililegezwa, mtu akaachiwa hiari ya kutoa uzi au kutoa fedha, maana wengi hawakuliweza. Basi funzo ni mawili. La kwanza, kazi ya nyumbani yaweza kuwa nguvu ya chama. La pili, haiwi nguvu kwa kulazimishwa. Ndiyo maana sitaki tawi lolote lipige amri ya "kikapu kimoja kila nyumba". Nataka tawi liwe mnunuzi, na mwenye kutaka kufanya atafanya.

VITU VYA KUANZIA

Sitazungumza mambo ya juu juu. Hivi hapa vitu vitatu ambavyo mtu asiye fundi aweza kuanza navyo.

Cha kwanza ni kikapu cha ukindu. Kata makuti machanga ya mkindu kabla hayajafunguka, lakini usiukate moyo wa mti, maana utauua na mwakani hutapata kitu. Yachemshe, uyaanike juani mpaka yawe meupe, kisha uyachane kwa upana ulio sawa. Unayotaka kuyatia rangi uyachemshe tena pamoja na rangi. Halafu suka ukili. Ukili wa upana wa vidole vitatu na urefu wa pima 4 watosha kikapu cha kwendea sokoni. Uanze kuuzungusha katikati ya kitako, uushone kwa shazia ukingo kwa ukingo, na kitako kikifika upana unaoutaka uupandishe kuwa ubavu. Mishikio isukwe kwa katani, ambayo huku kwetu haijawahi kuadimika. Katika miaka ya 1960 nchi hii ndiyo iliyoongoza dunia nzima kwa mkonge. Kikapu cha kwanza kitakwenda upande. Cha tatu kitasimama.

Cha pili ni upawa. Chagua kifuu kisicho na ufa, ukikate kwa msumeno mdogo, ukwangue nyuzi za nje kwa kipande cha chupa, kisha ukisugue. Usiende dukani kununua karatasi ya msasa kama mti wenyewe wa msasa uko karibu nawe. Majani yake ndiyo yaliyolainisha mbao kabla ya karatasi kufika, na ndiyo yaliyoipa karatasi hiyo jina. Toboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, upitishe mpini wa mti mgumu, upake mafuta ya nazi. Upawa huo hauchubui sufuria wala hauyeyuki katika mchuzi wa moto.

Cha tatu ni makatambuga, viatu vya matairi. Tafuta tairi lisilo na nyaya za chuma ndani, maana lenye nyaya litakushinda. Chora wayo wako kwa chaki, ukate kwa kisu kikali ulichokilowesha maji, kwani mpira hukatika kwa wepesi kisu kikiwa na maji. Mikanda uikate katika mpira wa ndani wa tairi, uipitishe katika nyufa za pembeni na kuikaza kwa vijisumari, vichwa vizame ndani visichome unyayo. Mkulima atatembea navyo shambani masika na kiangazi.

Na mapambo ya mkutano je? Makuti mabichi yaliyosukwa, mkeka wa rangi ukutani, kawa juu ya sahani za wageni, vipepeo mikononi mwa wazee. Mwenye macho na anijibu kama maputo yanapendeza kuliko hayo.

MLANGO ULIOFUNGULIWA

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar ilikuwa imekwisha tangulia. Mimi nilidhani siku hiyo kikapu kimepata uhuru wake. Nani aliyeingia katika mlango huo? Iliingia mifuko ile laini ya rangi rangi, inayofanana na kitambaa, nasi tukaipokea kwa shangwe. Mwenye kudhani ni kitambaa na achome kipande: kitayeyuka, kwa sababu asili yake ni plastiki vile vile.

Serikali ilitimiza wajibu wake, ilitunga sheria. Sisi wa Chama ndio tuliolala. Hatukuwa na vikapu tayari, hatukuwa na wasukaji waliojulikana kwa majina, wala hatukuwa na mahali pa kuvikusanya. Sheria yaweza kukitoa kitu kibaya sokoni, lakini haiwezi kusuka kizuri.

Tuseme tawi lina wanachama 200, na kila mmoja anatumia shilingi 1,000 kwa mwezi kununua mifuko, vijiko na vikorokoro vya namna hiyo. Kwa mwaka ni shilingi 2,400,000 zinazotoka katika kijiji kimoja bila kurudi. Fanyeni hesabu hiyo kwa tawi lenu wenyewe, kwa kiasi mnachokijua ninyi.

BEI YA HAKI

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya viongozi hawatanipenda.

Nani atakayesuka? Kwa desturi yetu ni akina mama, na siku ya mama imejaa tayari: maji, kuni, shamba, jiko, watoto. Tukisema "akina mama watajitolea kupamba mkutano", tumewaongezea mzigo na kuuita uzalendo. Hiyo si kujitegemea. Huko ni kumtegemea mama. Kama msemaji alipewa nauli, na mwenye vipaza sauti alilipwa, basi msukaji naye alipwe. Na wanaume nasi tukae mkekani tushike ukindu. Vidole havina mume wala mke.

Bei ipatikane kwa hesabu, isipatikane kwa huruma. Hesabu siku za kuvuna na kukausha, siku za kusuka, siku za kushona, gharama ya rangi na katani, kisha uzidishe kwa ujira wa kibarua wa shamba wa mahali penu. Hapo ndipo bei ianzie. Mtu akilia kwamba kikapu ni ghali, mwonyesheni hesabu.

Vikapu vya milulu vya Iringa vimefika maduka ya Ulaya na Marekani, na watu huko wanavilipia kwa furaha na kuviweka sebuleni. Ajabu iliyoje kwamba kitu ambacho mgeni anakiweka mahali pa heshima, sisi tunakiona cha bibi asiyekwenda shule! Na bibi huyo akifa bila kumfundisha mtu, hakuna kitabu kitakachomrudisha.

VIWANDA JE?

Mtaniuliza, "Je, tuviache viwanda turudi nyuma?" La, hasha. Nchi hii inahitaji viwanda, na ni aibu kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kuyeyusha chuma, kutengeneza dawa, kufuma mamilioni ya yadi za nguo, hayo si mambo ya uani. Lakini kikapu, upawa na kawa havihitaji mtaji wa benki wala umeme. Kijana anayesubiri kiwanda kijengwe, na huku mikono yake imelala miaka mitano, siku kiwanda kitakapofunguliwa atafika hana kazi anayoijua. Aliyezoea kupima, kukata na kumaliza kitu alichokianza, huyo atakuwa fundi popote.

LA KUFANYA

Basi napendekeza, na matawi yajadili. Kwanza, kila tawi liandike majina ya wanaojua kusuka, kuchonga na kushona, wazee kwa vijana, na vijana wawili wawekwe kwa kila fundi wajifunze. Pili, tawi lisitoe hata senti moja kwa mapambo ya plastiki. Fedha hiyo inunue kazi za wanachama, na daftari la malipo lisomwe mbele ya mkutano. Tatu, ifikapo Saba Saba, siku tunayokumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954 na ambayo leo ni siku ya maonyesho ya biashara, kila tawi lilete meza moja ya vitu vya majumbani vyenye bei iliyoandikwa wazi.

Kiongozi atakayepinga na aseme sababu yake mkutanoni, tumsikie. Atakayekubali na aje mkutano ujao na kikapu mkononi.

UHURU NA KAZI!