Roboti inakamua, lakini joto ndilo linaloamua

Roboti za kukamua ng'ombe zilianza kazi mashambani Uholanzi mwaka 1992. Ahadi ilikuwa tamu: mfugaji alale, mashine ikamue.

Ila roboti haimfuati ng'ombe. Ng'ombe ndiye anayeifuata, tena kwa hiari, kwa sababu ndani yake kuna chakula cha nyongeza. Akiingia, kifaa alichovaa kinamtambulisha, mkono wa mashine unasafisha chuchu na kuanza kukamua. Mara mbili hadi tatu kwa siku, usiku na mchana.

Majira ya joto yakifika, hiari hiyo inayeyuka. Wengi wao ni Friziani, wale wale weusi kwa weupe tunaowajua huku, na asili yao ni nchi za baridi. Hata kule kusaga chakula tumboni kunawatia joto. Hewa ikizidi nyuzi 25 hivi, tena na unyevu, wanakula kidogo, wanasimama muda mrefu kupoza mwili, na kwenda kwa roboti wanaona shida tu. Julai 2019 Uholanzi ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika rekodi zake.

Hapo hesabu inaharibika. Roboti moja huhudumia ng'ombe 60 hivi, kwa hiyo haina nafasi kubwa ya kupumzika. Wakisusa mchana na kujazana usiku kukipoa, foleni inakuwa ndefu na wanyonge, hasa mitamba waliozaa juzi tu, wanasukumwa nyuma. Kiwele kinachokaa kimejaa kinapunguza kutengeneza maziwa, na hatari ya ugonjwa wa kiwele inapanda. Nani anakwenda kuwaswaga waliogoma? Mfugaji yule yule aliyeambiwa atalala.

Feni na maji ya kunyunyizia vinasaidia, lakini hiyo ni gharama juu ya mashine ambayo peke yake inaweza kuzidi euro 100,000. Benki nayo inadai marejesho yale yale hata maziwa yakipungua.

Sweden wana kibarua kingine: sheria inataka ng'ombe watoke malishoni majira hayo, na majani mabichi yananoga kuliko chakula cha roboti. Ireland baadhi ya wafugaji wanagawa malisho vipande vitatu kwa siku, na njia ya kwenda kipande kipya inapita kwenye roboti. Ujanja mzuri kuliko feni, kwa maoni yangu, ingawa siku ya joto kali ng'ombe habanduki kivulini.